Watungaji wa chemsha bongo za Kiswahili, mnatumalizia vifutio bure

Wakuu,

Uzi huu ni wa wale mnaotunga mafumbo ya maneno ya kila siku, yale ya visanduku vya mlalo na wima. Najua mpo humu. Sitaji gazeti wala ukurasa, maana ugonjwa ni ule ule kila mahali.

Tuanze na huu mfano. Wima, "Ndugu", herufi 4. Makutano, yaani visanduku ambapo neno la wima linakatana na la mlalo, yametoa A kwenye kisanduku cha pili na A kwenye cha nne. Haya, anaingia nani hapo? KAKA anaingia. DADA anaingia. Ukimvumilia mtungaji kidogo, BABA na MAMA nao wanaingia. Ukoo mzima umebanana kwenye visanduku vinne, halafu kesho yake linatoka jibu "KAKA", basi. Kwa kigezo gani?

Na "Fedha", herufi 4, makutano E na A? PESA au HELA? Rusha sarafu.

Bahati mbaya haihusiki hapa. Mnachukua jedwali lililochorwa kwa ajili ya Kiingereza, mnamwaga maneno ya Kiswahili ndani, mnaenda kulala. Kiswahili kina irabu tano tu, na silabi zake karibu zote zinaishia kwa irabu. Makutano yakiangukia kwenye irabu peke yake, msaada anaoupata mjazaji ni mdogo mno. Konsonanti ndiyo inayotenganisha neno na neno: ukipata K kisanduku cha kwanza, DADA ameshatoka nje. Kwa hiyo kwenye jedwali la makutano ya kuruka, ambapo safu za 1, 3, 5 na kuendelea ndizo zenye maneno ya wima, neno la mlalo kama KAKA lianzie safu yenye makutano. Hapo K zote mbili zinakatwa na mzozo umeisha. Ukilianzisha safu ya 2, unabaki na A na A. Kosa la kisanduku kimoja tu!

Sasa njooni mstari wa chini kabisa, ambako ndiko aibu kubwa inakaa. Mtindo wa Marekani, ule wa 15 kwa 15 unaofanana ukiugeuza juu chini, unataka kila herufi isomeke pande zote mbili, na neno fupi kuliko yote liwe na herufi 3. Kwa Kiingereza inawezekana. Kwa Kiswahili fikirini kidogo: kila neno la wima linalofika chini linaishia kwa irabu, kwa hiyo mstari wote wa mwisho unakuwa irabu tupu. Tuna neno gani la herufi tano lenye irabu tupu? Tuna OA, UA na AU, na zote hazifiki herufi tatu. Ndipo mnapoanza kutuletea AUE na UOE kwa kidokezo "Kitendo", au kujaza vifupisho vya mashirika, au kukata irabu ya mwisho ili tupate MAALUM kwenye visanduku 6 wakati juzi mliandika MAALUMU kwa 7. Safu ya mwisho mkono wa kulia ina balaa hilo hilo, kwa sababu maneno ya mlalo nayo yanaishia pale.

Mtindo wa Uingereza, ambao karibu nusu ya herufi tu ndizo zinazokatana, ndio unaotufaa. Mstari wa chini weka maneno yanayoanza na irabu na kupishana vizuri: ELIMU, ASALI, UHURU, ASUBUHI, UTAMADUNI. Hesabuni wenyewe: U-T-A-M-A-D-U-N-I, irabu zimekaa 1, 3, 5, 7 na 9, hasa pale maneno ya wima yanapoishia. Lugha imewapa maneno ya U- tele ya kufanyia kazi hiyo na hamyatumii! Hapo makutano ni irabu, hatukwepi, basi kidokezo chake kiwe kikali zaidi kuliko vingine. Na neno linaloanza kwa konsonanti, kama SAMAKI, ukilitaka chini lianzie safu ya 2. Maneno yenye ch, mb, nd, ng' yanavunja mpishano huo, kwa hiyo yapelekeni mistari ya katikati. Popote pale, msiache herufi mbili mfululizo zisizokatwa na neno lolote. Hilo ni kosa hata kwa wenye Kiingereza chao.

Vidokezo navyo. Kidokezo kikiwa cha wingi, jibu liwe la wingi. "Vya kukalia" ni VITI, msituwekee KITI halafu mseme tulikosea kuhesabu. Kikianza na ku-, jibu lianze na KU. Leo "Kula kwa pupa" ni FAKAMIA, kesho "Kulia kwa sauti" ni KUOMBOLEZA. Shikeni moja. Na neno linalotumika sehemu moja tu lipewe alama: MATATU bila kutaja Nairobi popote ni kumwonea aliyezoea daladala.

Halafu hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Raha ya fumbo ni nusu visanduku, nusu kile unachojifunza ukishalijaza jibu. Sasa nyie mnatufundisha uongo.

"Samaki mkubwa kuliko wote (8)", jibu NYANGUMI. Nyangumi anapumua kwa mapafu na ananyonyesha! Samaki mkubwa kuliko wote ni papa potwe, yule anayeonekana Kilindoni kule Mafia, anafikia mita 12 na kuzidi, na chakula chake ni vidudu vidogo anavyovichuja majini. POTWE, herufi 5, neno zuri kabisa, mmeliacha.

"Mbegu maarufu ya Pemba (7)", jibu KARAFUU. Karafuu ni tumba la ua linalochumwa kabla halijachanua, kisha linaanikwa. Ukiliacha lichanue, umeshapoteza karafuu. Mbegu iko wapi hapo?

"Mji mkuu wa Burundi (9)", BUJUMBURA. Gitega ndio mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, na una herufi 6. Kitabu mnachonakili kimezeeka.

Kubwa kuliko: "Mwezi wa uhuru wa Zanzibar (7)", jibu JANUARI. Uhuru kutoka kwa Waingereza ulikuwa 10 Desemba 1963. Januari 12, 1964 ni Mapinduzi. Mnaona mtego ulivyo mbaya? DESEMBA nayo ina herufi 7. Anayejua historia anaijaza kwa kalamu, inakaa sawasawa, halafu maneno matatu ya wima yanakataa na anaanza kujitilia shaka. Asiyejua ndiye anayemaliza fumbo. Hiyo ni kuadhibu ujuzi.

Na majibu ya kesho yake yanakuja yamekauka, namba ya kidokezo na neno tu: 4 GEREZA, 9 HELA, 12 MEZA. Mstari mmoja tu wa maelezo ungewagharimu nini? Gereza linatokana na neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Hela ni Heller, senti ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1904, mia moja kwa rupia moja. Tena hapo hapo mngepata kidokezo kisichogombana na PESA: "Fedha iliyobaki na jina la Mjerumani." Vivyo hivyo UHURU kwenye ule mstari wa chini: "Kilele ambacho zamani kilibeba jina la Kaisari wa Ujerumani." Mtu anajaza, anatabasamu, anakwenda kusimulia.

Yule Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alipochapisha fumbo lake la kwanza kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, lilikuwa na umbo la almasi na halikuwa na kisanduku cheusi hata kimoja kati ya maneno. Waliofuata wakalibadili mpaka likawakaa wao. Nasi tulibadilishe basi, kulikoni?

Nawasilisha.

Mchangiaji wa 2:
Mkuu umeua, ila umeruka jambo. NG'OMBE ni visanduku vingapi? Na CH je? Waholanzi IJ yao wanaiweka kisanduku kimoja. Kwa nini CH yetu, ambayo ni sauti moja, iwe viwili? C yenyewe haisimami peke yake popote.

Mwanzisha uzi:
Hoja nzito, mkuu, lakini jaribu kuitunga. CH ikiwa kisanduku kimoja, neno linalokatana nayo lazima nalo liwe na CH, na hayo ni machache. Ukiitenganisha, H ya CHAI inakatana na HARUSI bila tabu. Mimi nasema kila herufi na kisanduku chake, na ile ritifaa (') ya NG'OMBE ikae ndani ya kisanduku cha G: visanduku 6. La muhimu iandikwe juu ya jedwali ili tusibahatishe.

Mchangiaji wa 3:
Na vidokezo vya maana mbili mbona havitungwi? Lugha hii imejaa. "Mmoja hula majani, mwenzake hukuna nazi (5)." MBUZI. Mtu hahitaji hata makutano.

Mwanzisha uzi:
Ndicho tunachokililia, dada. Nami nakuachia hiki: "Mmoja hukimbia mwituni, mwenzake hukinga mvua (3)." Makutano ni ya kwanza na ya tatu. Mtu asiniletee UOE.