Hema la familia: turubai au poliesta?

Mwana_Kigamboni
Wakuu, habari za jioni. Likizo ya Juni inabisha hodi na nataka kununua hema la familia. Nimeona mawili: moja la turubai zito la pamba lililoshonwa Arusha, jingine la poliesta, jepesi, lina vyumba viwili, liko Kariakoo. La turubai bei yake ni karibu mara tatu. Lipi litanifaa? Mwenye uzoefu anisaidie.

Fundi_Mahema
Mkuu, mbona umeficha yote ya maana? Mko wangapi? Mnakwenda wapi? Gari gani? Na mkirudi, hema litakaa wapi? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Mama Nasra
Hata kabla hajajibu, mimi nasema turubai. Jua likiwa kali, ndani ya poliesta mtoto halali mchana, joto linakaba. Turubai linapumua. Na likilowa, nyuzi za pamba zinavimba na kuziba vitundu, maji hayapiti. Ila likiwa jipya limwagieni maji nyumbani kwanza, likauke, mrudie tena. Mkiruka hapo litavuja kwenye mishono na mtalilaumu bure.

Kijana_wa_Keria
Mama Nasra, shikamoo. La kupumua nakubali, lakini uzito je? Turubai la watu sita na nguzo zake za chuma linaweza kufika kilo 40. Poliesta unaitupia begani mwenyewe, na ikinyeshewa, saa moja ya jua imekauka.

Mama Nasra
Marahaba mwanangu. Uzito ni wa kupakia na kushusha tu. Usingizi ni wa usiku kucha.

Mwana_Kigamboni
Nawajibu. Tuko sita: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi. Gari ni Noah. Juni tunakwenda Lushoto, Desemba Mikumi tukijaliwa. Nyumba ni ya kupanga, hema litakaa stoo.

Fundi_Mahema
Sasa tunaongea. Watu sita ndani ya Noah, basi turubai litapanda juu, kwa hiyo kaguzeni keria kwanza. Jambo la pili ndilo zito zaidi: Kigamboni kuna unyevu wa bahari. Turubai likikunjwa bado lina maji, siku chache tu linaota kuvu, na yale madoa meusi hayatoki hata ukisugua na brashi. Una uwanja wa kulianika kila mkirudi? Kama wapangaji wenzako wamejaza kamba za nguo, fikiria mara mbili. Na usiamini boksi linaposema "watu sita", hapo wamehesabu sita waliobanana bila begi hata moja. Toa wawili.

Binti_Moshi
Ngoja niwaeleze yaliyotukuta. Tulikwenda Ngorongoro mwezi wa saba, tukapiga kambi Simba, pale ukingoni mwa kreta, kwenye mita kama 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hema la poliesta, jipya, muuzaji ametuapia kwamba halipitishi maji. Baridi ilivyokuwa kali tukafunga zipu mpaka juu na vidirisha tukaviziba kwa kanga. Usiku wa manane mdogo wangu ananiamsha: "Dada, panavuja." Nje hakuna mvua, ukungu tu. Namulika tochi juu, matone yamejipanga dari nzima, ukigusa yanaporomoka. Zilikuwa pumzi zetu wenyewe! Blanketi la upande wa ukutani limelowa chapachapa. Ukaja upepo. Fito moja ya faiba ikapasuka kwa urefu, ikachana kitambaa inamopita, kifuniko cha nje kikalala juu ya hema la ndani. Mvua ilipofuata, maji yakaingia kweli. Tulimalizia usiku garini, mtoto kalala miguuni mwa shangazi yake. Jirani zetu kwenye turubai asubuhi wanakunywa chai wakavu. Toka siku ile poliesta sitaki kuisikia.

Kijana_wa_Keria
Pole sana dada. Ila matone yale yaliletwa na madirisha kuzibwa. Kuna poliesta na poliesta. Tafuta yenye fito za aluminiamu na kifuniko kinachofika chini. Soma na namba: 1,500mm maana yake kitambaa kinahimili safu ya maji ya mita moja na nusu kabla hayajapenya. Chukua 3,000, na sakafu iwe zaidi ya hapo, maana goti likikandamiza maji yanapanda.

Mama Nasra
Ufungue dirisha na bibi yao yumo ndani? Lushoto, mwezi wa sita?

Baba_Twins
Jioni si mnaingiza jiko la mkaa dakika chache, pakishapata moto mnalitoa?

Fundi_Mahema
Hapana, hapana kabisa! Mkaa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, watu wanalala na hawaamki. Turubai au poliesta, jiko libaki nje. Mama mzazi mtafutieni godoro la sponji na mkeka chini yake, baridi kubwa inatoka ardhini.

Kijana_wa_Keria
Godoro la upepo linachukua nafasi ndogo garini.

Binti_Moshi
Na hewa ya ndani yake inapoa usiku, mgongo unaganda. Sponji.

Mwana_Kigamboni
Nashukuru sana. Uwanja wa kuanika ni mdogo kweli, hilo sikuwa nimelifikiria. Fundi, vipi kitambaa cha mchanganyiko, pamba na poliesta?

Fundi_Mahema
Kipo, chepesi kuliko pamba tupu na kinapumua kuliko poliesta. Bado kinataka kuanikwa. Pima keria yako uniletee vipimo.

Baba_Twins
Wakuu, na kule Mikumi nyani hawafungui zipu?

Mama Nasra
Wakisikia harufu ya ndizi wanachana kabisa. Chakula kilale garini, vioo juu.

Baba_Twins
Hata unga mkavu?