Mrejesho: Wanafunzi wangu na marejeleo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza niwafundisheje wanafunzi wa mwaka wa tatu kupanga marejeleo ya tafiti zao. Asanteni sana, hasa mliosema nitumie Zotero (programu ya kukusanya na kupanga marejeleo) na nianze na kitabu kimoja tu. Kila mtu aliingiza ISBN (namba ya utambulisho) ya kitabu alichoshika, akakinukuu kwenye Word, orodha ikajipanga yenyewe. Darasa zima likaguna!

Vitabu vya zamani vya Kiswahili vimegoma, havina ISBN, hivyo tunajaza kwa mkono. Tovuti nazo vituko: mmoja kaleta kazi yenye mwandishi aitwaye "Admin". Sasa kabla ya kuhifadhi lazima wakague jina, mwaka na kichwa. Waliopandisha PDF nyingi walimaliza MB 300 za bure za hifadhi ya mtandaoni ya Zotero. Wamezima usawazishaji wa faili, mambo yanaenda. Ushauri wenu wa kutumia maktaba ya kikundi, yaani darasa lichangie marejeleo sehemu moja, bado sijaujaribu.