Tuzo za utabibu wa macho: je, uchache wa wanawake katika fani ndio sababu pekee?

Mleta mada
Ndugu wanajukwaa, ninaandaa wasilisho kuhusu tuzo wanazopewa madaktari na watafiti wa macho. Nimeanza na Nobel: Gullstrand mwaka 1911, kisha Granit, Hartline na Wald mwaka 1967, kisha Hubel na Wiesel mwaka 1981. Wote ni wanaume. Mwalimu wangu anasema hapo hakuna la ajabu, kwa kuwa enzi hizo wanawake walikuwa wachache katika fani. Je, maelezo hayo yanatosha?

Daktari wa retina
Kwa mwaka 1911 yanatosha. Kwa 1967 hayatoshi. Wald alitunukiwa kwa utafiti wa kemikali zinazopokea mwanga katika retina (utando wa nyuma ya jicho), kazi ambayo Ruth Hubbard, mkewe, alishirikiana naye maabarani kwa miaka mingi. Mwaka huohuo wawili hao walipewa kwa pamoja nishani ya Paul Karrer. Kazi ni ileile na mwaka ni uleule, ila waamuzi wa tuzo moja walimwona mtu mmoja na wa nyingine wakawaona wawili.

Hali hiyo ilijirudia katika sindano za jicho tunazowachoma wagonjwa ambao makula yao (sehemu ya katikati ya retina) inaharibika kwa uzee. Mwaka 2010 tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya tiba ya Marekani, kwa tiba hiyo alipewa Napoleone Ferrara peke yake (na simaanishi kwamba hakustahili). Mwaka 2014 tuzo ya Champalimaud, tuzo ya macho ya Ureno, ilipowatunukia watu saba kwa mchango wao katika tiba hiyohiyo, walikuwamo wanawake wawili, Joan Miller na Patricia D'Amore. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu wanawake, tazama kwanza tuzo ina nafasi ngapi.

Msomaji wa siku nyingi
Natofautiana kidogo na Daktari. Mwaka 2018 Champalimaud iliwatunukia tena watu saba, safari hii kwa tiba ya jeni ya upofu wa kurithi, na mwanamke alikuwa mmoja tu, Jean Bennett. Wingi wa nafasi, basi, si dawa ya kila kitu. Tukumbuke pia kwamba tuzo kubwa hutazama nyuma miaka ishirini au thelathini, hivyo ni haki kumlinganisha mtunukiwa na wale walioingia kazini pamoja naye, si na wanafunzi waliojaa madarasani leo.

Lakini hata huko nyuma, mlango ulikuwa mwembamba kwa wengine. Patricia Bath, aliyebuni kifaa cha leza cha kuondolea mtoto wa jicho na kupata hataza yake mwaka 1988, alipoanza kufundisha UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) mwaka 1975 alipangiwa ofisi ya chini ya ardhi, jirani na wanyama wa maabara, akaikataa. Jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la Wavumbuzi la Marekani mwaka 2022, naye alikuwa amefariki mwaka 2019.

Mjumbe mstaafu
Niliwahi kuwa katika kamati ya tuzo ya chama kimoja cha kitaaluma. Majina hayakutufikia yenyewe; yaliletwa na wakuu wa idara, na kila mkuu alimleta yule aliyezoea kuketi naye. Barua moja ilimsifu daktari wa kike kwamba "amemsaidia sana profesa katika utafiti". Nilipofungua makala iliyoambatishwa, jina la kwanza, ambalo kwa kawaida ni la aliyefanya kazi kubwa, lilikuwa la huyo daktari, na la profesa lilikuwa la mwisho. Wenzangu wawili walikuwa wamekwisha kumpa alama kwa kuisoma barua peke yake, na tulilazimika kuzifuta na kuanza upya.

Mleta mada
Nashukuruni nyote. Jedwali langu lilikuwa na safu tatu: tuzo, mwaka na jinsia ya mtunukiwa. Sasa ninaongeza mbili, ya nani alimpendekeza, pale inapojulikana, na ya nani waliandika naye makala zilizompatia tuzo. Kwa safu hii ya mwisho nitaanza na Wald.