Naomba ushauri: risiti ninayopewa haifanani na pesa ninayolipa

Habari za jioni wakuu. Nina duka la vitenge na mashuka Morogoro, mzigo nachukua Kariakoo. Kila safari swali ni lile lile: "Na risiti au bila risiti?" Ukitaka risiti, bei inapanda pale pale. Wiki iliyopita nililipa 2,400,000 na nikasisitiza nipewe. Risiti ya EFD (ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) ikatoka imeandikwa 400,000. Nilipolalamika, kijana wa kaunta akasema niache mzigo, wapo wanaousubiri.

Mteja wangu mimi namkatia risiti kamili. Manunuzi yasiyo na risiti ya EFD hayakubaliwi kama gharama kwenye mahesabu, kwa hiyo kodi aliyokwepa muuzaji wa Kariakoo naibeba mimi. Nimejaribu maduka mengine matatu, hakuna tofauti. Wenzangu wanasema serikali ndiyo imetufikisha hapa, kwa VAT ya 18% na mlolongo wa tozo. Inawezekana, lakini inaniuma, maana zahanati na barabara tunazidai wote.

Nitunze kumbukumbu zipi ili mkaguzi aone nilicholipa kweli? Na aliyewahi kuripoti risiti pungufu, je, aliendelea kuuziwa mzigo?