Naomba ushauri: filamu ya sayansi ya kubuni, bajeti ya dagaa

Wakuu, habari zenu. Tuko vijana wachache hapa Kirumba, Mwanza, tunaandaa filamu fupi. Mvuvi wa dagaa anapotea ziwani usiku wa giza, anarudi baada ya miaka 20 akiwa kijana vilevile. Mkewe kazeeka, tena kaolewa na shemeji yake. Hakuna roboti wala chombo cha angani. Kiini ni watu watatu sebuleni: mume ni nani?

Mwenzangu anang'ang'ania mwanga wa kutengeneza kwenye kompyuta. Mimi naona taa za wavuvi zikielea gizani zinatosha kumtisha mtazamaji, na ni za bure.

Sasa, upepo wa ziwa unaua sauti. Mazungumzo ya mtumbwini mnarekodi palepale, au mnaingiza sauti baadaye studio? Kibali cha Bodi ya Filamu je, mlianzia kwa afisa utamaduni au mliomba wenyewe moja kwa moja? Droni tumeshaiacha, vibali vyake ni safari nyingine.

Halafu huyo mke: mwigizaji mmoja au wawili? Mama tuliyempata analia mpaka unalia naye, ila kumfanya wa miaka 25, mmh.