Mlioanza mazoezi na kubadili msosi ukubwani kwa ajili ya presha au sukari, tupeane uzoefu (Tanga)

Mgosi wa Makorora
Wagosi, mabibi na mabwana, za jioni. Leo kaka yangu katoka kupima kapewa kikaratasi, presha 164/102, mtu wa miaka 43 ambaye toka aache mpira wa mchangani zoezi lake kubwa ni kupanda bajaji. Kaambiwa arudi wampime tena, apunguze chumvi, apunguze kitambi, atembee. Sasa nyumbani kila mtu kawa daktari, shemeji kaficha kopo la chumvi, mama anasema mwanaume hali mchuzi wa chukuchuku uliopooza, yeye mwenyewe kanunua raba ziko chini ya kitanda zinasubiri Jumatatu. Nyie mlioanza ukubwani mlianzaje, na mwili ulifanyaje? Nataka yaliyowakuta wenyewe, sio ya kusoma.

Kipara Ngoto
Mwambie asianze na kukimbia! Mimi nilijiunga na wale wa jogingi wa Raskazone, siku ya kwanza nikajifanya kijana, kuna dada mmoja ananipita namuongezea mwendo. Siku hiyohiyo niko poa. Kesho yake bado naringa. Keshokutwa nashuka ngazi za ofisini kinyumenyume nimeshika ukuta, nikienda chooni kukaa ni mtihani, kuinuka ni mtihani mwingine. Kumbe nyama za mapaja zisizozoea zinapata michubuko midogomidogo na maumivu yanapanda siku ya pili ya tatu halafu yanaisha yenyewe. Mimi nikadhani figo.

Wifi Mtata
Kinyumenyume hahahaha nimekumbuka mbali sana

Fundi Spoku
Kwani lazima kukimbia? Huu mji wa baiskeli bana. Mimi Pongwe mjini kila siku kwa baiskeli na presha siijui.

Wifi Mtata
Huijui kwa sababu hujapima au kwa sababu huna?

Fundi Spoku
Kichwa hakiniumi.

Sista Wodi Tatu
Kaka Fundi, presha haina adabu ya kubisha hodi. Watu wengi wako na 170 huko na hawasikii kitu, wanauza samaki Deep Sea vizuri tu, siku ya kuja kwetu wanaletwa uso umevutika upande na mkono hauinuki. Kapime. Na ukienda kupima usishuke kwenye baiskeli ukanyoosha mkono, kaa kwanza kama dakika 5, mgongo umeegemea, miguu iko chini usiikunje, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiwe umetoka kunywa kahawa wala kuvuta sigara. Ikisoma 140/90 kwenda juu na siku nyingine ukirudia ni hivyohivyo ndio tunaanza kuongea. Mgosi huyo kaka yako wakimpa dawa asije akaacha kwa kuwa anajisikia vizuri, anajisikia vizuri kwa sababu ya dawa.

Mgosi wa Makorora
Ahsante sista. Vipi chumvi?

Sista Wodi Tatu
Mtu mzima chumvi yote ya siku isifike kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. YOTE, pamoja na iliyomo kwenye mkate, kwenye kachori na kwenye ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi. Chumvi inavuta maji mwilini, damu inaongezeka ujazo kwenye mishipa ileile.

Bwana Ng'onda
Sasa ng'onda tuziache?? Babu yangu kala ng'onda kafa na miaka tisini na

Wifi Mtata
Babu yako alikuwa anapiga kasia mpaka Pangani, wewe unapiga simu.

Chuma Chakavu
Kitambi msimdanganye. Ajifunge nailoni tumboni akimbie saa 7 mchana, jasho linamwagika kitambi kinakwisha, mimi nilitoa kilo tatu wiki moja.

Kipara Ngoto
Ulitoa maji. Ukinywa yanarudi.

Mwana Kimanumanu
Chuma Chakavu tafadhali usije ukaua mtu. Tulikuwa na mwenzetu kwenye mazoezi, Machi ile ya jua kali kabla ya masika, kajivika trakisuti nzito na nailoni ndani, tukamuona anaanza kuyumba, tunamwambia pumzika anajibu maneno hayaeleweki, akaenda chini. Ngozi ukimgusa inaunguza. Tulimvua yote tukambeba kivulini tukamwagia ndoo za maji tukimpepea na kanga ya mama muuza mihogo, akapelekwa. Jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka kwenye ngozi, na unyevu wa Tanga mwezi ule halikauki, linachuruzika tu. Sasa na ukilifunga nailoni juu ndio umejichemsha. Watu watoke alfajiri au jioni, kwisha habari.

Chuma Chakavu
Mimi nimesema lililonisaidia. Kila mwili na lake.

Dona Safi
Tatizo lenu sembe. Hameni sembe. Toka nihamie dona sina kiungulia, choo safi, sukari imetulia.

Shemeji wa Lushoto
Dona nayo wanga mkuu. Ina pumba na kiini kwahiyo inakwenda taratibu kidogo, sawa, lakini ukipiga mlima ule wa ugali wa msibani hata iwe dona sukari inapanda. Sahani nusu iwe mchicha au kisamvu, ugali ngumi yako moja.

Dona Safi
Ngumi yangu kubwa.

Machungwa ya Muheza
Na matunda jamani. Mimi biashara yangu machungwa, najikamulia juisi siku nzima najua afya, wiki iliyopita jirani kanunua kamashine ka kupimia sukari akanichoma kidole hapohapo mezani kwangu, 19! Sijalala. Toka hapo nakunywa mwarobaini asubuhi na jioni, mdomo mchungu hata chai siisikii. Nataka ishuke mpaka chini kabisa, sukari ikishuka si ndio tunataka?

Kaimati ya Pili
Nilikuwa napita tu lakini hiyo "ishuke mpaka chini kabisa" imenishinda. Ngoja niwaambie.

Ilikuwa Ramadhani, sisi ukoo mzima tunafuturu kwa mama mdogo Mikanjuni. Mama mdogo ana sukari siku nyingi, anatumia vidonge, na kliniki walimwambia kabla ya mwezi aende wamuangalie kama anaweza kufunga na wampangie dozi upya. Hakwenda. Alisema mfungo wenyewe ndio dawa. Daku yake chai ya rangi na kidonge, basi. Alasiri moja tuko uani tunakuna nazi, yeye yuko jikoni na sufuria la maboga, tukasikia anaongea peke yake. Naingia namuona dera limeloa mgongoni limegandana na mwili, jasho la baridi, mkono ulioshika mwiko unatetemeka mpaka mwiko unagonga sufuria ko ko ko na yeye wala hana habari. Namuuliza mama mdogo vipi, kaniita jina la dada yake aliyekufa zamani. Baba mdogo kaja kumshika, akatukanwa matusi ambayo yule mama wallahi toka nizaliwe sijamsikia hata kusema mtu mjinga.

Basi kazi imekwisha, nyumba ishajua: maruhani. Mmoja anauliza mbona mwezi huu wamefungwa, jirani kajibu waliofungwa mashetani, maruhani Waislamu wanafunga na sisi na sasa hivi wana njaa. Chetezo kikaja, ubani, udi, mtu kaanza Yasini, mwingine kampigia fundi wake wa kutoa maruhani wa Duga. Mama mdogo katikati ya moshi anacheka halafu analia.

Mpangaji wa chumba cha uani, binti anasomea unesi, ndio anarudi chuo anakuta ule moshi. Akauliza anatumia vidonge gani, kala saa ngapi. Akakimbia chumbani kwake akarudi na mashine, kamchoma kidole kikasoma 1.9. Kuna shangazi akasema alhamdulillah iko chini! Yule binti alipiga kelele, SUKARI, leteni sukari, maji, haraka. Vijiko vitatu vinne kwenye nusu glasi. Mama mdogo kafunga meno, "nimefunga, nimefunga". Akapokea mafunda mawili, mengine yakamwagika kifuani, halafu macho yakageuka akalegea. Baba mdogo anataka kummiminia kwa nguvu binti akaizuia glasi, akasema hajitambui huyo, atapaliwa yaende mapafuni. Tukamlaza ubavu, bajaji, hospitali.

Wakamtundikia dripu ya sukari. Sijui kama hata robo ilishuka, mama kafungua macho, katutazama mmoja mmoja, kauliza "Maboga nani kayaepua?" Baba mdogo akatoka nje akalia. Tukadhani tunarudi naye, daktari akakataa, kidonge alichokuwa anatumia ni glibenklamaidi, kile kinaisukuma kongosho itoe insulini ya kushusha sukari hata kama tumboni hamna kitu, na kinakaa mwilini muda mrefu, kwahiyo sukari inaweza kushuka tena usiku wakati mmelala. Akalazwa. Sisi tulifuturu maji ya chupa kwenye korido.

Ubongo unaishi kwa sukari ya kwenye damu, ikikauka mtu anakuwa mlevi na hajanywa. Msitake "chini kabisa".

Wifi Mtata
Maboga nani kayaepua 😭😭

Mgosi wa Makorora
Aisee mpaka nywele zimesimama. Kwa hiyo chini ni ngapi?

Sista Wodi Tatu
Mwenye kisukari ikishuka chini ya 4 anza kushughulika. Kama anameza vizuri mpe sukari ya kijiko kwenye maji au soda ya kawaida (sio ile isiyo na sukari), subiri robo saa, pima tena, akipata nafuu ale chakula. Kama hajitambui usimpe kitu mdomoni, mkimbize. Huyo binti mpangaji nampa maua yake. Metfomini, kile kidonge kingine cha sukari, ikiwa peke yake mara chache inamuangusha mtu hivyo, wa kuchunga sana ni wa glibenklamaidi na wa sindano za insulini. Wakae na pipi mfukoni.

Dona Safi
Pipi tena? Si ndio zilizompa ugonjwa?

Sista Wodi Tatu
Ya dharura kaka. Sio ya kulia stori.

Mzee wa Usagara
Mimi sibishi hospitali lakini msiwe wepesi wa kukana. Mama huyo inawezekana alikuwa navyo vyote viwili. Hapa ni Tanga.

Mwana Kimanumanu
Jini gani anaondoka kwa dripu mzee?

Mzee wa Usagara
Majini yanapenda vitamu toka enzi. Umeona kombe la kumnywesha mgonjwa linaandikwa kwa zafarani na maji ya mawaridi, sio kwa mwarobaini.

Mwana Kimanumanu
Nimeshindwa mimi.

Kaimati ya Pili
Fundi wa Duga alifika kweli, akakuta nyumba haina mtu, akadai nauli.

Ustadhi Mkimya
Kwa wafungao: mgonjwa karuhusiwa, iko kwenye Suratul Baqara aya ya 184 na 185. Mwenye kushuka hivyo hata kama imebaki robo saa adhana anafungulia, wala asione haya. Na kuchoma kidole kupima hakuvunji mfungo.

Kipara Ngoto
Hata mimi nilikuwa naogopa kupima mchana. Shukran ustadhi.

Fundi Spoku
Basi turudi kwa kaka wa Mgosi. Mimi nasema baiskeli.

Shemeji wa Lushoto
Kutembea kwanza. Mjomba wangu sukari yake ilitulia kwa kutembea baada ya kula, akimaliza chakula cha usiku anazunguka barabara za Ngamiani, anaanzia namba sita anakwenda mpaka kumi na mbili, anarudi. Nyama za miguu zikifanya kazi zinavuta sukari kutoka kwenye damu zenyewe, hata kama insulini yako mvivu. Dakika 150 kwa wiki zinatosha kuanzia, mwendo wa kuweza kuongea lakini kuimba ushindwe.

Chuma Chakavu
Kuzunguka Ngamiani usiku unapita kaimati, unapita mishikaki, unapita urojo. Utarudi umeongeza.

Shemeji wa Lushoto
Ndio maana anakwenda ameshakula!

Mgosi wa Makorora
Kaka nimemsomea, kasema atatembea ila ng'onda asiguswe. Shemeji kasema ng'onda ataloweka usiku na kumwaga maji.

Bwana Ng'onda
Safi, nyumba yenye akili.

Machungwa ya Muheza
Na mimi jamani mmenisahau na 19 yangu, mwarobaini niendelee au?

Sista Wodi Tatu
Una kiu sana? Unaamka usiku kukojoa mara nyingi? Umekonda?

Machungwa ya Muheza
Hapana. Nalala kama kawaida, ukiacha mawazo.

Sista Wodi Tatu
Alipokuchoma kidole ulikuwa umenawa?

Machungwa ya Muheza
Nilifuta na kitambaa. Si nilikuwa namenya machungwa ya wateja.

Sista Wodi Tatu
Jirani yako kapima chungwa. Acha mwarobaini, kesho asubuhi usile kitu, nenda kituo cha afya wakupime na mikono umenawa kwa sabuni. Na mwambie jirani kopo la vijiti vya mashine ya kupimia alifunge vizuri, unyevu unaviharibu.

Machungwa ya Muheza
Anavifunga kwenye leso.