Fundi anataka kutundika mashine ya nje ya AC kwenye ukuta wa tofali za kuchoma, Tabora. Nimkubalie?

Binti wa Ipuli

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba msaada wa haraka maana fundi anarudi Jumamosi asubuhi.

Tumemnunulia baba AC ya BTU 12,000, inveta, ya baridi na joto, gesi yake imeandikwa R32. Baba yuko Ipuli hapa Tabora, ana miaka 74, na tangu augue mwaka juzi mwili wake hauvumilii. Septemba na Oktoba joto linamlaza kitandani, Juni na Julai usiku anatetemeka hata akiwa na mablanketi mawili. Ndiyo maana mimi na kaka zangu tulichanga tukatafuta inayofanya yote mawili.

Nyumba ni ya mwaka 1988, tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, nje imepigwa lipu ya saruji. Fundi amechagua kutundika mashine ya nje juu ya dirisha la chumba cha baba, kama mita mbili na nusu kutoka chini. Hapo chini ndiyo njia ya kwenda jikoni. Mama anapita na sufuria, wajukuu wanacheza hapo mchana kutwa. Jiko lenyewe la mkaa liko hatua nne tu.

Nilipogonga ukuta kwa vidole pale alipoweka alama ya penseli, ulilia kama debe tupu. Nikamwambia. Akasema nisihofu, ataweka bolti ndefu. Akasema pia kwamba akishaunga bomba atajaza oksijeni ya kwa mchomeleaji wa jirani aone kama panavuja. Mimi si mtu wa ufundi, ila ule ukuta umeninyima usingizi. Nimkubalie au nimzuie?

Fundi Baridi, Kigoma

Dada, mzuie. Na hilo la oksijeni mpigie simu leo hii, usisubiri Jumamosi.

Ndani ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi kwenye mashine ya nje, mna mafuta. Oksijeni ya mtungi ikikutana na mafuta kwenye shinikizo, haingoji kiberiti, inalipuka yenyewe, na kitakachopasuka ni chuma kikiwa mbele ya uso wa mtu. Najua kwa nini mafundi wanafanya hivyo. Mtungi wa oksijeni upo kila gereji, wa naitrojeni ni wa kuhangaikia. Wangu mimi unaletwa na lori na nakaa nao miezi. Hata hivyo kinachotumika ni naitrojeni kavu peke yake, tena kwa regyuleta, kifaa cha kupunguza shinikizo, kwa sababu mtungi uliojaa una shinikizo la zaidi ya psi 2,000 na ukiufungulia moja kwa moja unapasua kila kitu. Kama hana naitrojeni, afadhali asijaze chochote. Avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu, aache geji nusu saa, aone kama sindano inarudi. Baadaye, gesi ya mashine ikishafunguliwa, apake povu la sabuni kwenye kila nati. Haifikii kipimo cha naitrojeni, lakini haiui mtu.

Sasa ukuta. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilifunga mashine ya kilo 28 pale Ujiji, kwenye ukuta kama huo wenu. Bolti ziliingia vizuri, nikakaza mpaka spana ikakataa. Nilichokuwa nakaza ni lipu. Miezi minne baadaye, kwenye mvua za Machi, mwenye nyumba akanipigia alfajiri. Nilikuta braketi inaning'inia kwa bolti moja, mashine imelala kwenye karo la kufulia nguo, bomba za kopa zimekatika na gesi yote imekwenda. Nikaokota kipande cha lipu kilichong'oka na bolti yake. Kilikuwa kipana kama sahani, na upande wa nyuma kulikuwa na udongo mkavu tu na vumbi jekundu la tofali. Saruji haikuwa imeshika popote. Karo lile kuanzia saa moja asubuhi huwa halikosi mtu. Mashine nilinunua mimi nyingine. Kile kipande cha lipu bado ninacho kwenye sanduku la vifaa, namwonyesha kila kijana anayekuja kujifunza kwangu.

Bolti ndefu haisaidii, na sababu ni hii. Braketi ni mkono uliotoka nje kama nusu mita. Mzigo ukikaa juu yake, bolti za chini zinasukumwa ukutani ila za juu zinavutwa kutoka nje. Ongeza mtetemo wa kompresa na feni, usiku na mchana. Bolti ya kutanuka, ile tunayoiita rolbolti, inashika kwa kusukuma pande zote za tundu. Kwenye zege inashika kweli. Kwenye tofali ya kuchoma iliyojengewa udongo, kule kutanuka kwenyewe ndiko kunakoipasua tofali. Ukuta uliolia kama debe umekwambia lipu imeachana na tofali. Masikio yako hayakukosea.

Mtu akilazimika kabisa kutundika kwenye ukuta wa namna hiyo, bolti zipite ukuta mzima, na upande wa ndani ziwekewe bamba la chuma na nati. Nyie hamna haja hiyo. Nyumba ni ya chini na uwanja upo. Iwekeni chini.

Mwagieni kibao cha zege cha kama sentimita 90 kwa 50, kiinuke sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, maana mvua za Tabora zinarusha ule udongo mwekundu mpaka magotini. Kiwe sawa kwa pimamaji. Bolti zifungwe kwenye zege, na chini ya kila mguu wekeni kipande cha mpira. Mimi nakata tairi kuukuu. Nyuma ya mashine iachwe nafasi ya kupumua, kwa mashine nyingi za ukubwa huo sentimita 15 hadi 30, na mbele inakopuliza pawe wazi si chini ya mita moja hivi. Kitabu chake kinaandika vipimo vyake, na kikitofautiana na mimi, fuateni kitabu.

Isiwe upande wa jiko. R32 inashika moto. Si kwa wepesi wa gesi ya kupikia, lakini inashika, na ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kukaa kwenye mabonde na pembe. Ikipita kwenye moto mkali pia inatoa mvuke wenye sumu unaochoma koo na macho. Mkaa uliowaka hatua nne kutoka hapo, hapana. Chumba cha baba kina ukuta mwingine wa nje?

Waya wa Ethi, Gongoni

Pole na kazi dada. Fundi Baridi kasema, mimi niongeze la umeme tu, kwa kuwa nyumba ya 1988 naifahamu.

Msichomeke kwenye soketi ya chumbani. Itolewe laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi, waya wa milimita 2.5 na breka yake, ukubwa wa breka kama kitabu kinavyosema. Nje, karibu na mashine, iwekwe swichi ya kukatia isiyoingia maji, ili anayeitengeneza azime akiwa anaiona kwa macho yake. Ethi, yaani waya unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini, ndiyo ya kwanza kuuliza. Nyumba nyingi za rika hilo hapa mjini waya wa ethi ama haupo, ama ile fimbo ilishakatika kwa kutu ardhini. Ganda la mashine ya nje ni la bati, mtoto akiligusa likiwa na hitilafu na hakuna ethi, umeme unapita kwake. Ipimwe kwa mita, asikubali mtu kutazama waya wa kijani na kusema ipo.

Wekeni pia kifaa cha kulinda voltiji. Umeme ukikatika na kurudi, kiisubirishe mashine kama dakika tatu. Na radi za Novemba mnazijua. Mawingu yakikusanyika, mzee akiwa sebuleni, zimeni kwenye breka. Kazi hii ya waya aifanye mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwombeni aionyeshe.

Binti wa Ipuli

Asanteni sana, sana. Nimempigia fundi. Alinyamaza kidogo, halafu akasema hakuwahi kuelezwa habari ya mafuta na oksijeni, aliona wenzake wanafanya naye akafanya. Hakukasirika. Amekubali kibao cha zege.

Chumba kina ukuta wa upande wa mashariki, kimya kabisa, unatazama mwembe na uzio wa jirani. Nimepima kwa futi: kutoka ukutani mpaka shina la mwembe ni mita tatu na nusu. Bomba zilizokuja kwenye boksi ni mita tatu, fundi anasema kwa njia hiyo zitahitajika kama mita tano. Maswali yangu matatu. Gesi itatosha? Kaka anataka kuijengea kibanda cha mabati wezi wasiibebe, ni sawa? Na kwa nini kitabu kinachora maji yakitoka kwenye mashine ya nje, si maji huwa yanatoka ile ya ndani?

Fundi Baridi, Kigoma

Hilo la maji umeliona vizuri. Wengi huku hatulijui kwa kuwa tunazoea baridi tu. Mashine yenu ina vali ya kugeuza mzunguko. Ikiwa kwenye baridi, inachukua joto la chumbani na kulitupa nje, ndani kunakuwa baridi na maji yanatoka ndani. Ukibonyeza joto mwezi Julai, inageuka: inaokota joto kwenye hewa ya nje, hata ile ya nyuzi 14 za alfajiri, na kulileta kwa mzee. Hapo cha nje ndicho kinakuwa baridi na kutoa jasho. Nchi za baridi kama Norwe wanaiita pampu ya joto, na inapasha nyumba huku theluji iko nje. Basi chini ya mashine kuna tundu, na kwenye boksi kuna kiwiko chake cha plastiki. Kifungwe, kiungwe mpira upeleke maji mbali na msingi. Nyumba ya udongo haitaki maji miguuni.

Kibanda cha mabati hapana. Itavuta tena hewa yake yenyewe ya moto mpaka kompresa ife. Afadhali kizimba cha nondo chenye nafasi za kupitisha mkono, kikiwa mbali na mbele ya feni, na mlango wa kufuli ili fundi aingie.

Gesi: mashine nyingi zinakuja na gesi ya kutosha bomba la mita tano, baadhi zaidi. Soma kibandiko cha ubavuni, kinataja mita na gramu za kuongeza kwa kila mita inayozidi. Kuongeza ni kwa mizani, si kwa kukisia.

Kisha jambo moja la Tabora hasa. Mji wenu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kidogo. Fundi akivuta vakyumu, geji ya kawaida itasimama karibu na inchi 26, haitafika 30 aliyoisoma kwenye kitabu. Nimewahi kumkuta kijana Isevya amekesha anatafuta tundu ambalo halipo. Hapa Kigoma yangu inasimama kama 27. Akipata geji ya mikroni, inayopima vakyumu kwa undani zaidi, ndiyo bora, ishuke chini ya 500 na ikae. Kabla ya hapo vali mbili za mashine ya nje zinazofungulia gesi zisiguswe. Na asifukuze hewa kwa kupuliza gesi ya mashine. Kwa R32 hiyo ni kumwaga kitu kinachoshika moto mbele ya miguu yake.

Mama Miembeni, Cheyo

Mwembe! Mita tatu na nusu ni karibu. Yangu ilipigwa na embe bovu Desemba, mapezi ya nyuma yakalala kama majani ya mgomba. Kateni tawi linaloelekea ukutani. Na mijusi: waliingia kwenye kisanduku cha nyaya, mmoja akaungulia humo na bodi ikaenda naye. Mwambie fundi azibe tundu la nyaya na la ukutani vizuri.

Binti wa Ipuli

Narudi kutoa taarifa. Zege tuliliacha siku saba. Mashine tuliibeba watu wawili, imekaa juu ya vipande vinne vya tairi la pikipiki. Fundi alikosa naitrojeni, akaazima pampu ya vakyumu, geji ikasimama kwenye 26 kama ulivyosema kaka, tukakaa nje kuitazama nusu saa na mama akatuletea chai. Haikusogea. Povu nililipaka mimi mwenyewe kwenye nati zote nne. Ethi haikuwepo kweli. Fundi umeme amechimbia fimbo mpya na kupima. Tawi la mwembe limekatwa, kizimba cha nondo kinachomelewa wiki hii.

Baba anasema usiku anasikia mngurumo kidogo upande wa kichwani. Fundi anakuja kesho kuangalia kama bomba linagusa ukuta pale linapoingilia.